Wanamwinda Aliyeshika Simu

Hotuba hii niliitoa Mombasa, mbele ya waandishi wa habari na vijana wanaoripoti mitandaoni. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu waandishi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma hadi mlangoni: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mitandao na harakati za kisiasa katika nchi za Kiarabu, nami nimekubali kwa sababu moja. Kila ifikapo Januari, hakosi mtu redioni wa kutuambia kwamba mwaka 2011 serikali za Tunisia na Misri zilipinduliwa na Facebook. Mimi nasema hapana. Facebook haikupigwa risasi Kasserine, Tunisia. Facebook haikulala sakafuni katika jela ya Tora, Misri. Waliopigwa risasi na waliolala sakafuni ni watu, na wengi wao kosa lao lilikuwa hilo moja: waliona jambo, wakalirekodi, wakaliweka mbele ya wenzao. Hao ndio nataka tuwazungumze leo. Na nataka tuone jinsi watawala walivyojifunza kwamba ukizima mtandao dunia nzima inasikia, lakini ukimzima mtu mmoja aliyeshika simu, mara nyingi hakuna anayesikia.

Tuanze Tunisia, lakini tusianzie pale mlipozoea. Tuanzie Redeyef, mji wa migodi ya fosfati huko Gafsa, mwaka 2008. Januari ya mwaka ule kampuni ya fosfati ya serikali ilitangaza majina ya walioajiriwa, na wenyeji wakaona nafasi zimegawanywa kwa kujuana. Wakaingia barabarani: vijana wasio na kazi, wajane wa wachimba migodi, walimu wa chama cha wafanyakazi. Hawakuandamana siku moja wakarudi majumbani. Walishikilia karibu miezi sita. Polisi waliuzingira mji, watu waliuawa, viongozi wakafungwa. Mwandishi wa televisheni aliyeripoti habari zao, Fahem Boukadous, alihukumiwa miaka minne.

Sasa nawauliza: ni wangapi humu ndani mliwahi kulisikia jina la Redeyef? Inueni mikono. Mikono ni michache sana.

Haya, tuje tarehe 17 Desemba 2010, Sidi Bouzid, mji wa bara hiyo hiyo iliyosahauliwa. Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26, muuza matunda kwa mkokoteni, ananyang'anywa mizani na bidhaa zake. Anakwenda kulalamika ofisi ya gavana, hasikilizwi. Anajimwagia mafuta na kujiwasha moto mbele ya jengo lile. Yeye mnamjua. Kwa nini mnamjua yeye, na Redeyef hamuijui?

Dhuluma ilikuwa ile ile. Polisi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni njia iliyopitisha habari. Siku ile jamaa yake, Ali Bouazizi, aliwarekodi kwa simu watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya gavana, akaiweka video Facebook. YouTube na Dailymotion zilikuwa zimefungwa nchini. Facebook nayo serikali ilijaribu kuifunga mwaka 2008, ikaachia, na kufikia mwisho wa 2010 ilikuwa na Watunisia karibu milioni 2. Televisheni ya Al Jazeera ikaichukua ile video na kuirusha hewani. Na hapo katikati walikuwapo watu ambao hawatajwi vya kutosha: kundi la Nawaat, Watunisia walioanzisha tovuti yao mwaka 2004 wakiwa uhamishoni. Hawa walizikusanya video, wakaandika ni ya wapi na ya lini, wakatafsiri Kiarabu cha mtaani cha Tunisia ili Mmisri na Mfaransa nao waelewe. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta aliiona Sidi Bouzid sebuleni kwake, kwenye dishi. Kisha ofisi za chama cha wafanyakazi, UGTT, zikawapa watu mahali pa kukutania na kutokea. Tarehe 14 Januari 2011, Rais Ben Ali akapanda ndege kwenda Saudia.

Mnaona? Simu, halafu Facebook, halafu watu wa kuthibitisha, halafu televisheni, halafu ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Ukikata kimojawapo, Sidi Bouzid inakuwa Redeyef.

Nataka niseme kidogo juu ya mtu mmoja katika safari ile, kwa sababu namheshimu sana. Lina Ben Mhenni alikuwa anafundisha chuo kikuu Tunis, mwanamke mdogo wa umbo, mgonjwa tangu ujanani, anaishi kwa figo aliyopewa na mama yake mzazi. Mapema Januari 2011, serikali ikikana kwamba askari wanaua, Lina alisafiri hadi Kasserine na Regueb. Akaingia hospitali, akaingia kwenye nyumba za wafiwa, akapiga picha za maiti zenye matundu ya risasi. Akazichapisha kwa jina lake kamili. Jina lake kamili, ndugu zangu, wakati ambao wenzake wengi walijificha nyuma ya majina ya kubuni, na walikuwa na haki kujificha. Polisi walikwisha kuvunja nyumba ya wazazi wake wakaiba kompyuta na kamera. Baada ya mapinduzi alitishiwa kuuawa na watu wenye msimamo mkali, akaishi na walinzi. Hata hivyo aliendelea kuandika, na pamoja na baba yake akakusanya vitabu kwa ajili ya maktaba za magereza. Alifariki tarehe 27 Januari 2020, akiwa na miaka 36, na jeneza lake lilibebwa na wanawake mabegani.

Sasa tuvuke kwenda Misri. Alexandria, Juni 2010. Khaled Said, kijana wa miaka 28, yuko kwenye mkahawa wa intaneti. Askari wawili wasio na sare wanaingia, wanamburuta, wanampiga hadi anakufa. Taarifa ya polisi ikasema alijisakama kwa kumeza kifurushi cha bangi. Ingeishia pale. Ingeishia pale kabisa, kama zilivyoishia nyingine nyingi. Lakini familia yake ilifanikiwa kumpiga picha uso chumba cha maiti: taya limevunjika, meno yametoka. Ile picha ikawekwa mtandaoni kando ya picha yake ya zamani akiwa mzima, na hapo taarifa ya polisi haikuweza kusimama tena.

Wael Ghonim, Mmisri aliyekuwa anafanya kazi Google huko Dubai, akafungua ukurasa wa Facebook kwa jina la Sisi Sote ni Khaled Said. Hakujitaja. Na ukurasa ule haukuanza kwa kuita mapinduzi. Uliwaomba watu wavae nguo nyeusi, wasimame kando ya bahari, wawape barabara mgongo, wakae mbali mbali mtu na mwenzake ili isisemekane ni mkutano, maana sheria ya hali ya hatari ilikataza mikutano. Wakaja. Mwingine na Qur'ani mkononi, mwingine na Biblia, hawasemi neno. Miezi ile ya kusimama kimya iliwafundisha watu kutazamana usoni na kujua kwamba si wao peke yao. Ndipo ukurasa ulipowaita tarehe 25 Januari 2011, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutoka.

Lakini sikilizeni hili. Novemba 2010, uchaguzi wa bunge ukikaribia, ule ukurasa ulitoweka. Nani aliufunga? Si Rais Mubarak. Facebook wenyewe waliufunga, kwa sababu mwenye ukurasa alitumia jina lisilo lake, na kanuni ya kampuni inakataza. Ilibidi apatikane mtu aliye Marekani akubali akaunti yake ya kweli itumike, ndipo ukarudi. Jina la kweli kwa kampuni ni kanuni. Jina la kweli kwa Ghonim lilikuwa ni kukamatwa, na kweli alipokamatwa Januari alifichwa siku nyingi macho yakiwa yamefungwa kitambaa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 28 Januari, serikali ya Misri ikazima intaneti nchi nzima. Simu za mkononi nazo zikakatwa. Je, watu walikaa nyumbani? Walitoka wengi kuliko siku zote. Mama asiyempata mwanawe kwa simu alitoka kwenda kumtafuta. Asiyejua kinachoendelea Tahrir, uwanja wa waandamanaji Cairo, alitoka kwenda kuona. Siku zile zile kampuni ya Vodafone ililalamika hadharani kwamba inalazimishwa kupitisha ujumbe mfupi wa kuisifu serikali. Intaneti ilirudi tarehe 2 Februari, na tarehe 11 Mubarak akaondoka.

Basi nawaulizeni: mngekuwa nyinyi ndio watawala wa nchi jirani, mkiyatazama hayo, mngejifunza nini?

Syria walijibu mapema. Februari 2011, katikati ya moto ule, serikali ya Rais Assad iliifungua Facebook iliyokuwa imefungwa kwa miaka. Wengine walishangilia. Wiki chache baadaye, waliokamatwa walikuwa wakiteswa watoe nywila zao, ili marafiki zao wote wasomwe. Mlango ulifunguliwa ili ijulikane nani anaingia.

Umoja wa Falme za Kiarabu walitumia fedha. Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mhandisi na mtetezi wa haki za binadamu aliyekuwa akiishi Ajman, alipokea ujumbe kwenye simu: bofya hapa uone siri mpya za mateso katika magereza. Kwa mtu kama yeye, hicho ni chambo kilichotengenezwa kwa kipimo chake. Hakubofya. Aliupeleka ujumbe kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto. Wakakuta ndani yake programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israel, inayopenya iPhone kupitia matundu matatu ambayo hata Apple wenyewe hawakuyajua. Apple wakayaziba kwa dunia nzima. Kila mwenye iPhone humu ndani alikingwa mwezi ule na mtu wa Ajman ambaye hakumjua. Yeye mwenyewe alikamatwa Machi 2017. Mwaka 2018 akahukumiwa miaka 10, akawekwa peke yake mwaka nenda mwaka rudi, na mwaka 2024 akaongezewa kifungo kingine katika kesi ya pamoja. Ahmed Mansoor anadaiwa nini na dunia? Mimi naona dunia ndiyo inayodaiwa.

Na msidhani haya ni ya Waarabu peke yao. Mwaka 2021, huko Qatar, alikuwapo mlinzi Mkenya, Malcolm Bidali. Akitoka zamu anakaa kitandani, anaandika kwa jina la Noah: jinsi wanavyobanana vyumbani, saa za kazi, safari za basi, heshima wanayonyimwa. Aliandika vizuri, kwa utulivu, bila matusi. Mwishoni mwa Aprili alizungumza kwenye mkutano wa mtandaoni juu ya maisha ya walinzi. Mtu asiyemjua akamtumia kiungo Twitter, cha aina inayoweza kunasa anwani ya intaneti ya anayebofya. Akabofya. Siku chache baadaye akachukuliwa, akawekwa chumba cha peke yake karibu mwezi mzima, mwishowe akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kueneza habari za uongo. Mlinzi! Hesabuni wenyewe mshahara wa mlinzi ni miezi mingapi kufikia hapo. Kuna nyumba hapa Pwani isiyo na mtoto Doha, Dubai, Riyadh au Muscat? Kwa hiyo sheria za mitandao za nchi zile zinatuhusu, zinawahusu watoto wetu wanaotumia simu kule kila siku kama wanavyoitumia hapa.

Nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni ushahidi unaofutwa.

Wasyria walijifunza kurekodi kwa namna ambayo hakuna shule iliwafundisha. Walioandamana walishika karatasi yenye jina la mtaa na tarehe. Anayerekodi alitamka mahali na siku kwa sauti, kisha akaigeuza kamera kwenye mnara wa msikiti, maana mnara wa kila mtaa una umbo lake, na mtu aliye Berlin anaweza kuulinganisha na picha za setilaiti akasema ndiyo, hapa ni hapa. Wengine walikufa simu zikiwa bado zinarekodi. Video hizo zilipelekwa YouTube kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuziweka salama.

Agosti 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, kwa mauaji ya watu 33, na msingi mkubwa wa hati ile ulikuwa video zilizosambaa mitandaoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kuegemea video za aina hiyo kiasi kile. Na mwezi huo huo, Agosti huo huo, YouTube iliwasha mashine yake mpya ya kusaka video za ugaidi, nayo ikafagia video za Syria kwa maelfu, na chaneli nzima nzima za walioziweka. Mashine haikujua tofauti ya muuaji anayejigamba na jirani anayeshuhudia. Kundi la Syrian Archive, lililoanza mwaka 2014, lilikuwa limekwisha kuhifadhi nakala nyingi, na likapigania chaneli zirudishwe. Baadhi zilirudi. Zilizopotea na wenyewe wamekwisha kufa, nani atazirekodi tena?

Mei 2021 tuliliona tena. Familia za Kipalestina mtaa wa Sheikh Jarrah, Jerusalem, zilikuwa zinatishiwa kutolewa majumbani, Msikiti wa Al-Aqsa umevamiwa na polisi, na Instagram ikawa inafuta machapisho yenye jina la Al-Aqsa. Msikiti! Kisa, jina hilo limo pia katika jina la kundi lenye silaha lililo kwenye orodha ya Marekani ya magaidi. Uchunguzi ulioagizwa na Meta wenyewe, kampuni yenye Instagram, ukatolewa mwaka 2022, ulikiri kwamba maandishi ya Kiarabu yalifutwa kupita kiasi na haki ya Wapalestina kusema iliumizwa. Watu walifanya nini? Waliondoa nukta. Waliandika Kiarabu bila nukta, kama miswada ya karne za mwanzo za Uislamu, ambayo msomaji wa lugha anaisoma kwa mazoea na mashine inashindwa. Wazee wa Lamu na Siyu waliosoma hati za zamani watanielewa mara moja.

Bado mnisikilize kidogo, nina kisa cha Sudan, jirani wa majirani zetu.

Tarehe 3 Juni 2019 wanajeshi waliwavamia waandamanaji waliokaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum, wakaua zaidi ya watu mia moja. Intaneti ikazimwa, na kuzimwa kule kukadumu zaidi ya mwezi. Wanasheria wa nchi nyingi wangesema hakuna la kufanya. Abdelazim Hassan, mwanasheria, aliishtaki kampuni ya simu ya Zain mahakamani kwa kumkatia huduma anayoilipia. Akashinda! Mahakama ikaamuru arudishiwe intaneti, lakini yeye peke yake, kwa kuwa alishtaki kwa jina lake. Basi kwa siku kadhaa akawa raia wa kawaida mwenye intaneti ya simu katika nchi iliyozimwa. Hakutosheka. Alirudi mahakamani, na Julai wananchi wote wakarudishiwa.

Lakini katikati ya giza lile, tarehe 30 Juni, Wasudan walijaa barabarani nchi nzima. Bila Facebook. Bila WhatsApp. Walioandaa ni kamati za mitaa, kwa vikaratasi, kwa maandishi ukutani, kwa kugonga milango. Zile kamati hazikuanzia kwenye simu, ndiyo maana hazikufa simu zilipokufa. Na vita vilipozuka Aprili 2023, vijana wa kamati zile zile ndio waliofungua vyumba vya dharura, wakapika kwenye masufuria makubwa na kulisha mitaa iliyoachwa na kila mtu.

Kuna atakayesema: mbona yote yamerudi nyuma? Misri ina wafungwa wa maneno kuliko zamani. Mwanaharakati Alaa Abd El-Fattah alihukumiwa miaka mitano Desemba 2021 kwa kusambaza chapisho la Facebook, na mama yake, Laila Soueif, akakaa na njaa miezi mingi kabla mwanawe hajasamehewa Septemba 2025. Tunisia yenyewe, ya Lina, tangu 2022 ina amri namba 54 inayomfunga miaka mitano anayeandika kinachoitwa uongo, na kumi akiwa amemgusa afisa wa serikali. Sitawaficha, hayo ni kweli na yanauma. Lakini waliompiga Khaled Said walihukumiwa miaka 10 jela, mwaka 2014, wakati mapinduzi yenyewe yalikuwa yamekwisha kuzimwa. Ile picha ya chumba cha maiti ilidumu kuliko serikali tatu.

Sasa niwaombe mambo machache nyinyi mnaorekodi. Mkirekodi tukio, semeni mahali na tarehe kwa sauti, na geuzeni kamera kwenye kitu kisichohama: mnara, kibao cha barabara, jengo. Tunzeni faili la asili. Likishapita WhatsApp, taarifa zake za saa na mahali huondoka na ubora hushuka. Wekeni nakala sehemu mbili ambazo si za kampuni moja. Ficheni nyuso za wasioomba kuonekana. Msibofye kiungo cha mtu msiyemjua, hata kikija na habari mnayoitamani. Na kabla ya kutoka, kubalianeni na mtu mmoja atakayepiga kelele msipoonekana hadi saa fulani, awe na namba ya wakili.

Ahsanteni sana. Tuna muda wa maswali. Mama, wewe uliyeinua mkono nilipotaja Qatar, tuanze na wewe.